Dakika Ishirini na Nane

Barua ilitoka kwa kampuni ya reli, si kwa serikali.
Hilo baba alilisema mara tatu, akiigeuza karatasi
kana kwamba muhuri wa taifa ungejificha kisogoni pake.
Jumapili, Novemba kumi na nane. Waya utakapogonga,
saa ya mnara wa Ardell na isome saa sita kamili.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Kazi yangu kopo la mafuta.
Vidato arobaini na vinne, na baridi ya Nebraska
ikipenya kwenye nyufa za mbao kama mdaiwa anayerudi usiku.
Chini yetu, kanisani, Mchungaji Eklund
alikuwa ndiyo kwanza anamtumbukiza Yona baharini.

Waya ukagonga.
Baba akachungulia nje kwanza:
kivuli cha nguzo ya kufungia farasi
kilikuwa bado njiani, hakijalala kaskazini.
"Jua halijafika," akasema, si kwangu.
Kisha akaushika mshale mrefu
kama mtu amshikavyo kipofu mkono kumvusha barabara,
akausukuma.
Kengele ikagonga mara kumi na mbili.
Watu wakatoka kula. Yona akabaki majini wiki nzima.

Jioni duka letu likajaa.
Joren Tveit alitaka kujua nani atamlipa kibarua
kwa nusu saa ambayo hakulima wala hakulala.
Bibi Hulda, mkunga, alikuja na daftari:
mtoto wa akina Pomfret alizaliwa humohumo,
ndani ya zile dakika ishirini na nane.
"Niandike nini, Joachim? Alizaliwa lini, huyu?"
Baba akamwambia aandike "alizaliwa". Basi.

Wakazungumza mpaka taa ikaanza kutoa moshi.
Wezi, walisema. Wametupora hata wakati.
Mama hakuinua macho, alikuwa akimimina kahawa
kutoka kwenye lile birika la shaba
alilolinunua miaka miwili nyuma, kando ya njia,
siku Waoto walipopita na magari yao wakielekea kusini
na ardhi ya Mto Blue ikibaki nyuma yao imepigwa kamba,
imegawanywa viwanja, imetiwa namba.
Alitoa senti thelathini. Yule mwanamke hakubishana.
Siku ile duka letu lilikuwa wazi, na hakuna aliyeingia kudai.

Mwaka uliofuata akaja Bwana Lucius Pruett kuomba kura.
Alishuka kwenye behewa la daraja la kwanza, kwa tiketi ya bure,
akapanda juu ya kreti la misumari,
akaapa kuturudishia jua letu.
Tukampigia makofi hadi viganja vikawaka.
Tukampigia na kura.
Alipofika bungeni alisimama mara moja tu,
kuomba dirisha lifungwe.

Nauli ya nafaka ikapanda, ikapanda tena.
Gunia la mahindi likawa halinunui hata mfuko wa kulibebea.
Makaa ya mawe yalikuwa ghali, basi tukayachoma mahindi
jikoni, magunzi na punje, majira yote ya baridi.
Nyumba ikanukia karamu. Tuliona aibu kwa ile harufu.

Huyo mtoto wa Pomfret sasa ni mpiga bendera stesheni.
Hajawahi kuchelewa hata nukta moja.
Baba alitunza saa ya mfukoni iliyofuata jua
mpaka alipofumba macho, na sikuijaza ufunguo tena.

Birika ndilo ninalotumia.
Chini yake, ukilipindua, pana alama tatu
zilizokwaruzwa kwa ncha ya kisu, na mtu aliyekuwa na subira.
Mama alizisugua kwa majivu kila Jumamosi, hazikutoka.
Hatukumuuliza mtu zilikuwa na maana gani.